Jino la Bastola ya Kamanda

Kamanda alimpiga risasi mwanamke aliyeshika simu. Alimpiga barabara, kifuani, bila kubabaika, kisha akashusha bastola na kungoja taa ziwashwe. Zilipowaka akamwona vizuri: mwanamke wa kadibodi, gauni la maua, simu sikioni, na tundu jipya chini kidogo ya mkufu. Alikuwa bado anatabasamu.

"Kamanda," alisema Kobe aliyekuwa karibu na swichi, "huyo siye jambazi."

"Namwona."

"Sasa hivi unamwona. Kabla ya taa je?"

Walikuwa wawili tu katika banda la mazoezi, chumba kirefu kisicho na dirisha nyuma ya ghala la dawa, chenye lundo la mchanga mwisho wake. Kila mwaka walinzi wa ghala walipimwa shabaha humo, na mwaka huu kipimo kilikuwa kifanywe kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa wezi hawapendi jua la utosi. Wazo hilo lilikuwa la Kamanda mwenyewe. Alikuwa mkuu wa walinzi, mwanamke aliyekula chumvi ya kutosha, na karibu kila aliyebeba silaha pale alijifunzia mikononi mwake. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kobe alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi, naye aliitwa hivyo kwa sababu ya mwendo, si kwa sababu ya akili.

Juu ya mgongo wa bastola kuna vitu viwili vya kulengea. Mbele, karibu na mdomo, kimesimama kinundu kidogo. Nyuma kuna kipande chenye mwanya. Walinzi wa ghala waliviita jino na pengo. Jino likikaa katikati ya pengo, vichwa vikalingana, risasi huenda inakotumwa. Lakini jicho la binadamu haliwezi kuona pengo, jino na shabaha kwa ung'avu uleule kwa wakati mmoja. Lazima lichague, na kila mwalimu hufundisha kwamba lichague jino.

Sasa jino la Kamanda lilikuwa limeota manyoya. Mchana lilionekana kama kijiti kilichozongwa na utando wa buibui. Giza likianza kuingia, lilitoweka kabisa. Kwa muda alikuwa akilenga kwa mazoea, kama mtu anavyopapasa swichi nyumbani kwake, na risasi zikawa zinamtii. Kilichomponyoka leo si shabaha. Alihangaika mno kulitafuta jino hata hakupata nafasi ya kutazama mkono wa anayemlenga umeshika nini.

Kobe aliibandua ile kadibodi na kuikunja. "Tuseme balbu iliungua. Nani atajua? Mimi, wewe na huyu mama, naye hana mdomo wa kusema."

Kamanda akacheka, kwa maana Kobe alijua kuchekesha hata msibani. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huyo mama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikificha haya, kifo kitakuwa cha mtu mwingine."

Asubuhi aliingia ofisini kwa mkurugenzi na kuikunjua kadibodi juu ya meza, kati ya kikombe cha chai na simu. Mkurugenzi alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, mwepesi wa kufikiri na mzito wa kukasirika. Alimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa, kisha akalikodolea macho tundu.

"Huyu nimemuua mimi jana," alisema Kamanda. "Hakuwa na kosa. Alikuwa anaongea na simu."

"Ilikuwaje?"

"Macho. Vya karibu sivioni, na giza likiingia ndiyo basi. Mbali naona vizuri mpaka bango la barabarani."

Mkurugenzi alisogeza kikombe chake pembeni. Nje, gari la kunyanyulia mizigo lilipita limebeba makasha, likipiga kelele zake za kurudi nyuma. "Sasa Mama unataka tuzungumzie kustaafu?"

"Hapana. Koleo likivunjika, mhunzi hafungi karakana. Nataka uifungie bastola yangu kabatini mpaka nitakapoweza kuiona. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nitakuja mwenyewe hapa na hutakuwa na kazi ya kutafuta maneno."

"Na wengine watasema nini wakikuona huna silaha?"

"Nitawaambia kabla hawajauliza."

Na kweli aliwaambia, kwenye paredi ya asubuhi, kwa sauti ileile aliyozoea kuwapangia malindo. Kwa muda huo angesimama getini na rungu. Kuna waliotazamana. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba rungu lisingemshukia yeye.

Fundi wa silaha aliyekuwa na leseni ya kuhudumia ghala alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, jiliwa la kubania vyuma lililofungwa ukingoni mwa meza, harufu ya mafuta, na birika la chai lisilopoa. Mdomo wake nao ulikuwa haupoi.

"Shemeji! Nimesikia umeua mtu wa kadibodi. Familia yake wamekuja kudai fidia?"

"Wamekuja, nikawaelekeza kwako. Nitafutie kitu cha kulengea nitakachokiona, na uache kelele."

Alimtolea bastola za maonyesho, zisizobeba risasi, kila moja ikiwa na vilengeo vyake. Kwanza alimpa yenye kioo kidogo kilichofungwa mgongoni. Ukitazama ndani yake, nukta nyekundu inaelea. Huhangaiki na jino wala pengo. Unatazama shabaha, nukta inakaa juu yake.

"Hii ndiyo dawa ya wazee," alisema shemeji.

"Mzee ni kaka yako." Kamanda akainyanyua, akaielekeza ukutani kwenye mfuko wa mchanga. Akakunja uso. "Shem, nukta gani hii? Naona nyanya iliyokanyagwa. Tena ina mkia."

Shemeji akaichukua, akatazama. "Duara safi kabisa."

"Safi wapi! Kifaa chako kibovu."

"Kifaa nimekifungua kwenye boksi juzi tu. Kibovu ni kingine, ila naogopa kukitaja, kaka yangu asije akanikasirikia."

Walibishana hivyo mpaka shemeji akapata wazo. Akaifunga bastola kwenye jiliwa, akaweka simu yake nyuma ya kioo na kupiga picha. Akampa aitazame, akiivuta mpaka ikajaa kiooni. Nukta ilikuwa duara, kama punje ya mtama.

Kamanda aliitazama picha kwa muda mrefu. Simu haina umri wala haina sababu ya kumwonea. "Haya," alisema. "Ni mimi. Leta nyingine."

Ya pili ilikuwa na uzi wa plastiki kwenye jino, uzi unaokusanya mwanga. Mlangoni uling'aa kama kaa la moto, Kamanda akatabasamu. Shemeji aliposhusha pazia la mlangoni, kaa likazimika.

"Huyu ni rafiki wa jua," alisema Kamanda. "Jua likizama, naye anaaga. Mimi nataka wa kushinda naye mpaka giza."

Ya tatu ilikuwa na nukta tatu za kijani zinazojing'arisha zenyewe bila betri, moja kwenye jino na mbili ubavuni mwa pengo. Gizani zilikuwa zinapendeza kama macho ya paka. Shemeji akasema hiyo ndiyo wateja wake wote huinunua, na Kamanda akaipandisha haraka, kama anavyowafundisha walinzi, akalinganisha nukta zake tatu zikakaa mstari mmoja.

"Umelenga nini?" aliuliza shemeji.

"Mfuko wa mchanga."

Shemeji akainua pazia. Bastola ilikuwa imelielekea birika.

Wote wawili walilitazama birika, kisha Kamanda akaelewa. Nukta zote tatu zilikuwa na ukubwa mmoja na rangi moja. Kwa pupa alikuwa ameiweka ya mbele pembeni, nje ya zile mbili, na jicho lake lililochoka likaona mstari na kuridhika. "Zinafanana mno," alisema. "Mwalimu na wanafunzi wamevaa sare moja. Nikiwa na haraka nitajuaje yupi wa kumsikiliza?"

Hakuchukua chochote siku ile. Shemeji alimmiminia chai kutoka kwenye birika lililonusurika, na kwa mara ya kwanza akasema bila mzaha: "Shemeji, vifaa vyangu vitakusaidia, lakini anza na macho yenyewe. Usije ukaniona mimi fundi wa kila kitu."

Nyumbani, mumewe alikuwa kwenye cherehani, miwani imemning'inia puani, anapachika zipu kwenye sare ya shule. Kamanda akamvua ile miwani bila kuomba, akaivaa, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama ameshika bastola, na kutazama kidole gumba.

"Bado ukungu," alisema.

"Hiyo miwani ya sindano," alijibu mumewe. "Sindano iko hapa chini ya pua yangu. Wewe bastola unaishikia puani?" Alichukua kipande cha utepe mwembamba mezani. "Simama hivyohivyo, mama watoto. Usitikisike." Akaushikiza mwanzo wa utepe kando ya jicho la kulia la mkewe, akauvuta mpaka kwenye ncha ya kidole, akaukata hapo kwa mkasi. "Mpelekee daktari. Mwambie mke wangu anataka kuona vizuri kwa urefu huu. Hata suti haikatwi kwa kukisia."

Daktari wa macho alikuwa mwanamume mpole mwenye chumba chembamba na kiti kinachopanda na kushuka. Alimsomesha herufi, akammulika, akamwekea matone, akamtazama kupitia mashine yake mpaka Kamanda akaanza kuhisi kuwa yeye ndiye mshukiwa.

"Mtoto wa jicho huna," alisema daktari hatimaye.

"Afadhali. Ninao wanne nyumbani, wananitosha."

Daktari akacheka, akamweleza. Kioo cha ndani ya jicho kilikuwa kimekakamaa, kama kinavyomkakamaa kila mtu akipata umri, hakiwezi tena kujikunja kutazama karibu. Tena, uso wa jicho lenyewe haukuwa duara kama mpira, ulikuwa na umbo la yai kidogo. Ndiyo maana nukta ya shemeji ilichanika. Yote mawili yalikuwa na miwani yake. Kamanda akatoa utepe mkobani, akaeleza shida ya jino na shabaha.

Daktari aliupima ule utepe kwa rula, akavutiwa. "Nikikupa miwani ya urefu huu macho yote, utaliona jino, lakini mtu aliye mbali atakuwa na ukungu."

"Mtu aliye mbali ndiye ninayetakiwa kumjua vizuri kuliko wote."

"Basi tuyagawie kazi. Unalenga kwa jicho gani?"

"La kulia."

"La kulia nitalitengenezea kwa urefu wa utepe. La kushoto litazame mbali. Mwanzoni kichwa kitazunguka, ngazi utaziona zinacheza. Wengine huzoea, wengine hawazoei."

"Mmoja anachungulia chungu, mwenzake anachungulia mlango," alisema Kamanda. "Ndivyo nilivyoishi na mume wangu. Nitazoea."

Alizoea kwa kisirani. Siku za kwanza alimwaga chai, akaikumba meza ya kupigia pasi, akamsalimia jirani mmoja mara mbili. Mumewe alimcheka kwa uangalifu, akiwa upande wa pili wa cherehani. Lakini asubuhi moja alikuwa akipiga mswaki, akatambua kwamba alilisoma bomba la dawa ya meno mkononi mwake na saa ya ukutani sebuleni bila kufikiri ni jicho lipi lilifanya nini. Akavaa viatu na kwenda moja kwa moja kwa shemeji.

Kwa miwani mipya, ile nukta nyekundu ilikuwa karibu duara. Shemeji alikwisha kuanza kutafuta bisibisi. "Si nilikwambia! Tufunge?"

"Ngoja. Miwani ikinianguka, nukta yako itarudi kuwa nyanya. Na betri ikifa je? Nipe jino. Jino nene, lenye mwanga wake lenyewe, na duara la rangi ya chungwa kuuzunguka ili mchana nilione. Nyuma nipe pengo pana, jeusi tititi. Sitaki nukta nyuma hata moja. Gizani pawe na mwalimu mmoja tu."

Shemeji alikuna kidevu. "Pengo likiwa pana sana utapoteza usahihi wa mbali."

"Ghala langu lina korido. Sitamlenga mtu wa mtaa wa pili."

Alifunga alivyotaka, wakashusha pazia. Jino liliwaka peke yake, kijani kibichi, katikati ya weusi. Kamanda akavua miwani makusudi. Jino likavimba, likawa na ukungu, lakini halikutoweka, na aliweza kulikalisha katikati ya pengo. Akavaa tena. "Hili," alisema. "Lilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Lilikuwa linangoja uache ubishi," alijibu shemeji.

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesimama kando ya swichi siku ya kipimo. Mwanga ulikuwa hafifu kiasi kwamba Kobe alijikwaa kwenye ndoo. Kadibodi zilitokeza moja baada ya nyingine, wenye visu, wenye mizigo, wenye bunduki, wasio na kitu. Kamanda alitazama kila mkono kwanza, kisha jino likapanda lenyewe mahali pake. Waliostahili walitobolewa. Mwanamke wa gauni la maua, tundu lake limezibwa kwa gundi, alipita salama na simu yake. Mkurugenzi alizitembelea kadibodi zote, akachungulia kila moja, akarudi akiwa na ufunguo wa kabati mkononi.

"Chukua mwenyewe, Mama," alisema.

Kipimo cha kweli kilikuja bila kuitwa. Jioni moja, mwanga wa mwisho ukiwa bado kwenye madirisha ya juu, umeme ulikatika na jenereta ikagoma. King'ora cha chumba cha baridi kikaanza kulia, na mlango wa nyuma, ambao hufungwa saa zote, ukakutwa wazi. Kamanda na Kobe waliingia kwa korido ya kati, Kobe akiwa na tochi mkono mmoja na bastola mkono wa pili, makasha yamerundikana pande zote hadi dari.

Mbele ya chumba cha baridi kulikuwa na mtu. Aliposikia nyayo aligeuka ghafla, na mkononi alikuwa na kitu cheusi chenye mdomo, kimewaelekea.

"Ana bastola!" Kobe alipiga kelele, na tochi ikaanza kucheza.

Jino la Kamanda lilikuwa tayari limetua kifuani kwa yule mtu, kijani, limetulia. Jicho lake la kulia lilikuwa nalo. La kushoto lilikuwa kwenye mkono wa mgeni, na mwanga wa tochi ulipopita liliona ncha ya chuma iliyojisokota, na chini ya kiganja, betri nene ya manjano.

"Kobe, shusha!" alisema. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti ya paredi. "Shusha silaha. Ni drili."

Kobe hakushusha.

"Nimesema ni drili. Shusha."

Akashusha. Yule mtu naye akaiachia drili ikaanguka sakafuni kwa kishindo, akainua mikono, akaanza kujieleza kwa kasi hata maneno yakagongana. Alikuwa fundi wa majokofu. Mkurugenzi alimpigia simu mchana umeme ulipoanza kucheza, akampa ufunguo wa nyuma, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia walinzi. Alikuwa anafungua paneli aiwashe mota ya akiba inayotumia betri, aokoe chanjo zisiharibike.

"Kaa chini upumue," Kamanda alimwambia. "Kesho mimi na mkurugenzi tutakuwa na maongezi marefu kuhusu funguo. Sasa hivi kunywa maji, kisha umalize kazi yako."

Kobe alikuwa ameketi juu ya kasha. Bastola ameiweka pajani kama kitu cha kuazima. "Niliona bastola, Kamanda," alisema. "Naapa niliiona."

"Najua uliiona."

"Ningempiga."

"Najua pia." Kamanda akaichukua ile bastola polepole, akatoa risasi, akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akaketi kwenye kasha lile lile, wakabanana. "Tangu lini?"

Kobe alifuta uso kwa kiganja. "Tangu kabla yako. Sasa unajua kwa nini nilitaka tuseme balbu iliungua. Nilijua nikikusema wewe, zamu inayofuata ni yangu. Nina mwaka mmoja na nusu nistaafu, mama. Kipimo nikapita kwa kubahatisha, nikasema nitajikaza."

"Macho hayajikazi, Kobe. Nimejaribu."

Fundi wa majokofu alikuwa ameshapiga magoti tena mbele ya paneli, akipapasa skrubu gizani na kulalamika kwa sauti ya chini.

"Asubuhi tunaanzia kwa mkurugenzi," alisema Kamanda. "Utaongea mwenyewe, mimi nitakuwa mlangoni. Halafu nakupeleka kwa daktari."

"Na huyo shemeji yako? Nasikia ana mdomo."

"Anao. Utamzoea."

Kobe akatikisa kichwa, na kwa mbali akacheka. Kamanda akamwondolea tochi mkononi, akasimama, akaenda kumulikia fundi. Aliishika juu ya bega lake, mwanga umetulia palepale zilipo skrubu, mpaka mota ilipokohoa, ikakohoa tena, ikaanza kunguruma.